Nyumba ya Mama Consolée Iko Njiani

Kasongo, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Mama yangu mupenzi,

Barua hii inakuja na Hemedi, ule motari wa pikipiki nyekundu. Umupatie maji mbele ya kumuuliza habari, juu njia imemuchokesha. Antena ya simu ya Wamaza ingali kimya, basi nimerudia karatasi na biki.

Kazi ya barabara imefungwa. Chef François, mukubwa wangu, injinia niliyemuendesha kwa gari miaka mine, amerudi kwao, na mbele ya kuondoka aliniachia kile kinyumba alichokuwa analalia porini. Sijui nikuelezee namna gani. Ni remoki, nyumba ya kukokotwa nyuma ya gari, lakini haina pembe hata moja. Nyeupe, ya mviringo, sawa yai la ndege asiyejulikana. Si chuma, si mbao. Chef aliniambia ni nyuzi za kioo, zinalowekwa ndani ya gundi mupaka zinakauka na kuwa gamba. Nusu ya juu na nusu ya chini zimekutana kiunoni na kufungwa sawa kwa mukaba. Haishiki kutu. Muchwa haiwezi kuila. Ndani kuko kitanda, meza inayoshuka na kuwa kitanda cha pili, na kabati ndogo ya sahani.

Asubuhi jua likipiga, mwangaza haungojei dirisha, unapita ndani ya ukuta wenyewe, na mikono yako inakuwa rangi ya maziwa. Siku ya kwanza niliingia kuchukua funguo tu. Nilitoka saa sita.

Nataka kukuletea, Mama. Tangu nyumba yetu iungue unalala kwa katekista, miaka sita sasa. Mujomba Heri amekubali kuniazima jipu yake. Na siku mambo yakiharibika tena, hatutaacha kitu nyuma. Tutafunga nyumba kwenye gari, tuondoke nayo.

Mutoto wako,
Nestor


Wamaza, tarehe 20 Mei 2024

Mwanangu Nestor,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama mama, kisha kama mwalimu. Mtu hasemi "mbele ya kuondoka". Husema "kabla ya kuondoka". Nilikueleza hayo ukiwa darasa la tatu.

Nakushukuru kwa moyo wako. Lakini nyumba yenye magurudumu ni nyumba ya kukimbia, nami nimekimbia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na wewe mgongoni. Mara ya pili nilikuwa na godoro kichwani. Mara ya tatu nilikuwa na sufuria tupu, na niliporudi nilikuta kuta nne nyeusi na dada yako hayupo. Sitaki tena kuwa mtu wa kufunga mizigo. Nataka kufa nikiwa na mahali ambapo ufagio wangu unaegemea ukuta uleule kila siku.

Na kuna jambo jingine, unalijua. Falone alikuwa na miaka kumi na mitano mlipopotezana. Kama yupo popote chini ya jua hili, njia anayoikumbuka ni moja tu: kanisani, kisimani, kisha mlango wetu. Akifika akakuta nyumba imeondoka na gari, atamuuliza nani?

Usihangaike. Katekista ni mtu mwema. Juzi tu niliota nyumba yetu inatembea polepole juu ya nyasi, bila sauti, nami naifuata nikiita jina lake kana kwamba ni mbuzi. Sikuipenda ndoto hiyo.

Mama yako,
Consolée


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Mama,

Unanisahihisha maneno, na wewe unanificha mambo makubwa. Hemedi alipokuletea barua hakukukuta kwa katekista. Alikukuta unatoka ndani ya zile kuta nyeusi, umefunga bashi, turubai ya plastiki, juu yake, mukeka umeukunja kwapani. Aliuliza majirani. Wamesema ni tangu Pasaka. Mvua za mwezi wa ine zilikupiga pale ndani, na mimi hapa nakula vizuri.

Basi nisikilize. Nikifika nitatoa magurudumu yote mawili. Nitaiweka nyumba juu ya mawe, pale mbele ya kuta zetu, mulango utazame kisima. Haitaenda popote. Falone akikuja ataiona kutoka kanisani, juu hakuna kitu cheupe namna ile Wamaza nzima.

Nimeshaanza kuitengeneza. Pembeni ya dirisha kulikuwa ufa mwembamba umetawanyika sawa utando wa buibui. Niliusugua kwa msasa mupaka vidole vikauma, nikalaza kitambaa cha fibre, zile nyuzi za kioo, nikapaka rezini, ile gundi ambayo Chef aliacha ndani ya kopo. Kisha siku mbili nikapiga kwa kifundo cha kidole: inaitika sawasawa na mahali pengine. Nimefungua magurudumu nikaosha roulement, zile gololi za chuma zinazofanya gurudumu lizunguke, nikazijaza grisi mupya. Na nimejifunza kitu: mizigo mizito inawekwa mbele, karibu na gari. Ukiiweka nyuma, remoki inatikisa mukia mupaka inakutupa ndani ya mutaro.

Sema ndiyo, Mama.

Nestor


Wamaza, tarehe 10 Juni 2024

Mwanangu,

Katekista ana wajukuu saba na chumba kimoja. Sikukudanganya. Nilinyamaza, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa sitakulazimisha ukubali.

Ilete. Lakini magurudumu utayatoa siku hiyohiyo ya kufika, kabla ya kula. Nimekwisha kuchagua mawe. Ni manne, mapana, nimeyaviringisha mwenyewe kutoka mtoni na sasa mgongo unanidai heshima.

Niambie ukweli: ndani yake mtu husikia mvua?

Mama yako,
Consolée


Darajani, kati ya Kasongo na Wamaza, tarehe 29 mwezi wa sita 2024

Mama yangu,

Mvua inasikika. Kwanza nijibu hilo. Ilinyesha kidogo Jumatatu, ajabu kwa mwezi huu, na kule juu ilikuwa sawa watu wengi wanaongea kwa upole nyuma ya kilima.

Mimi na Hemedi tuliondoka Kasongo vizuri, yeye mbele na pikipiki. Kukokota nyumba ni sawa kutembea na mutu amekushika shati kwa nyuma: ukikimbia anakuvuta, ukisimama ghafula anakugonga. Kurudi nyuma ni shida zaidi. Unageuza usukani kushoto, yeye anaenda kuume. Nilienda gia ya kwanza na ya pili tu. Nyasi ndefu zilipapasa ukuta pande mbili, na ndani ya kioo cha gari niliona kile kitu cheupe kinanifuata katikati ya majani, hakina haraka, hakina sauti. Nikakumbuka ndoto yako. Nilitaka kuteremuka nihakikishe kama kweli nimekifunga.

Kwenye kila bariera maulizo ni yale yale. "Ya nani? Inaenda wapi? Ndani kuko nani?" Kwenye bariera ya tatu nilichoka. Nilinunua rangi nyekundu nikaandika ubavuni, herufi kubwa namna ulivyotufundisha, bila kupindisha mustari: NYUMBA YA MAMA CONSOLÉE MWALIMU, WAMAZA. Tangu pale wanasoma, wanacheka, wanainua kamba.

Lakini hapa darajani gurudumu la kushoto lilitoa moshi. Nilifungua: maji yaliingia tulipovuka kijito, grisi yote ikatoka, na gololi zimesagika. Ni kosa langu. Chef alisema kila ukivuka maji, fungua, angalia. Hemedi amerudi Kasongo kutafuta roulement ingine. Isipopatikana, itatoka Kindu. Labda majuma matatu.

Nangojea. Asubuhi ukungu unatoka mutoni unazunguka nyumba, madirisha yanakuwa meupe sawa ukuta, na sijui tena kama niko barabarani ao ndani ya wingu. Baadaye watu wanaanza kuonekana, kwanza sauti, kisha vichwa, kisha vikapu. Wanagonga ukuta kwa vidole, wanaweka sikio. Mama mumoja aliomba kulaza mutoto wake kitandani kidogo. Akasema, "Nataka tu aote humu." Wanaotoka Nyangwe na samaki, wachimbaji wa zahabu wanaoenda Lusangi, wote wanasoma jina lako kwa sauti. Umekuwa mutu wa kujulikana, Mama.

Sasa neno lingine. Miaka sita sijalisema, na ukimya wa humu ndani umenikalisha nalo uso kwa uso.

Nilikuambia mimi na Falone tulipotezana katikati ya umati. Hakukuwa umati. Tulikuwa wawili. Kisiki kilimuchoma muguu. Nilimubeba mupaka nguvu ikaisha, nikamukalisha kwenye jiwe kubwa pembeni ya kijito nikasema, "Ngoja hapa, nakuja na pikipiki." Nilipofika barabarani nilisikia risasi. Niliingia ndani ya shamba la muhogo, nikalala chini siku mbili. Hakuna mutu alinishika, Mama. Hakuna mutu alinifunga. Ni woga tu. Siku ya tatu nilirudi kwenye jiwe, nikasimama pale, nikamuita. Hakukuwa mutu.

Sasa unajua ni nani anakuletea nyumba.

Nestor


Wamaza, tarehe 8 Julai 2024

Nestor,

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma mara moja tu.

Siku tano nimekaa kwenye kiti mbele ya kuta zetu nikijaribu kuandika "mwanangu", na kalamu inakataa. Si kwa sababu uliogopa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na wanaume wenye ndevu nyeupe walijilaza katika mihogo hiyohiyo. Ni kwa sababu miaka sita nimemtafuta mtoto wangu mahali pa uongo. Nimeuliza kwenye makambi. Nimeuliza kwenye misafara, kwa kila mtu aliyekimbia siku ile, "Ulimwona katika umati?" Kwenye jiwe hilo sijaenda hata mara moja. Hata kulikalia.

Tengeneza gurudumu lako.

Consolée


Lusangi, tarehe 15 mwezi wa saba 2024

Kwako wewe unayekokota nyumba,

Sikujui na hunijui. Naitwa Falone, napika bukari ya unga na sombe ya majani ya muhogo kwa wachimbaji hapa Lusangi. Juzi saa sita muchimbaji mumoja alikaa kwenye meza yangu akaanza kuelezea wenzake kitu alichokiona njiani. Nyumba nyeupe isiyo na pembe, iko na magurudumu, inakaa pembeni ya daraja ndani ya ukungu, na ubavuni kumeandikwa jina la mwenyewe. Wenzake wakasema, "Ulikunywa." Akakasirika. Akachovya kidole ndani ya muchuzi akaandika yale maneno juu ya meza yangu, moja moja. Nilikuwa nimesimama na bakuli. Nikasoma. Bakuli ikanitoka mukononi.

Tafazali, nakuuliza kitu kimoja na usinichezee. Mama Consolée mwalimu wa Wamaza alikufa. Watu walioona nyumba inaungua waliniambia alibaki ndani, na kaka yangu hakuonekana tena, basi sikuwa na mutu wa kurudilia. Nililia matanga yao hapa peke yangu. Sasa nyumba hiyo unamupelekea nani?

Kama ni mwingine mwenye jina lile, Mungu amubariki, na unisamehe kukusumbua. Lakini kama ni yule anayekataza watu kusema "mbele ya" pahali pa "kabla ya", uniambie mbio.

Ningekuja mwenyewe niangalie. Niko na mimba ya miezi nane, na bwana wangu Aganze anakataa pikipiki.

Falone


Darajani, tarehe 20 mwezi wa saba 2024

Falone,

Ni Nestor. Ni mimi.

Mama ni muzima. Ni yule yule, na angali anakataza. Barua yako nimemupelekea na Hemedi asubuhi ya leo, nimemuambia asizime injini njiani. Roulement ilifika jana kutoka Kindu.

Nimeandika karatasi tatu za kukuomba musamaha, nimezichana zote, juu zilikuwa zinaongea habari yangu mimi tu.

Muguu wako ulipona?

Nestor


Wamaza, tarehe 23 Julai 2024

Mwanangu Nestor,

Hemedi ananisubiri nje na pikipiki inanguruma, kwa hiyo naandika bila kusahihisha.

Ni mwandiko wake. Anaikata ile "f" kwa kamstari karefu, nilimchapa mara ngapi kwa ajili ya kale kamstari. Nimekapapasa kwa kidole mpaka wino umeanza kutoka.

Yale mawe manne yasahau. Magurudumu usiyaguse, ila kuyatia grisi. Pita hapa unichukue, twende Lusangi. Mtoto wangu hatajifungua mara ya kwanza ndani ya kibanda cha turubai penye vumbi la machimbo, na hali nina nyumba. Nimekwisha kufunga mizigo yangu, na ufagio nimeufunga juu yake. Mizigo mizito nitaiweka mbele, kama ulivyoniandikia.

Asubuhi nilitoka nikatazama kuta zetu. Kulikuwa na ukungu, na kwa kitambo kidogo sikuziona. Nilisimama pale, sikuogopa.

Kuhusu lile jiwe tutazungumza, mimi na wewe. Si leo.

Mama yako


Lusangi, tarehe 9 mwezi wa tisa 2024

Yaya Nestor, kaka yangu mukubwa,

Mutoto alizaliwa Jumanne ya majuma matatu yaliyopita, saa tatu ya asubuhi, ndani ya nyumba uliyotuachia. Mukunga Régina anasema miaka ishirini anapokea watoto, hajaona chumba cha kung'aa namna ile bila taa. Jua lilikuwa limepiga ukuta wote. Nilipokuwa naumwa nilitazama juu, na nilisikia sawa siko Lusangi, siko pahali popote, niko ndani ya kitu kinachonibeba polepole. Mutoto alifungua macho naye akatazama juu vile vile, muda murefu, hakulia, mupaka Régina akashtuka akamupiga kidogo. Ni musichana. Tumemuita Nsimire, jina la mama wa Aganze kule Walungu. Wa pili atakuwa wa Mama, tumeahidiana.

Mama anaongea naye Kibangubangu siku nzima. Akinikuta mimi naongea naye Kiswahili, ananisahihisha. Sasa wachimbaji nao wamemujua: wanamuletea barua za wake zao awasomee, anasoma, kisha anawaonyesha makosa. Hakuna anayekasirika.

Mvua ya kwanza ilianguka mapema, na maji yaliingia kiunoni, pale nusu mbili zinapokutana. Aganze alitoa ule mupira wa kuzeeka unaoziba pale, akasugua, akapaka rezini iliyobaki ndani ya kopo, akafunga kwa kamba mupaka ikakauka. Mama alisimama nyuma yake anamuambia "Polepole, kijana," sawa yeye ndiye aliyeitengeneza nyumba kiwandani. Haivuji tena. Tairi zimewekwa majani juu zisiungue na jua. Mutoto akifika miezi miwili tutaondoka wote. Aganze amechoka na mashimo, anasema anajua kufyatua matofali, na kuta za Mama zingali zinasimama. Anataka tu kuziwekea paa.

Yaya, Mama alinionyesha barua yako ya darajani. Aliiweka juu ya meza, akatoka nje, akaniacha nayo.

Nilikungojea siku mbili. Siku ya kwanza nilikuita kwa jina. Siku ya pili nilikutukana, matusi yote niliyoyajua na mengine niliyoyatunga pale pale. Muguu ulikuwa umevimba sawa si wangu. Asubuhi ya tatu, jua halijapanda, wamama wawili wenye kubeba chumvi walinikuta, wakanibeba kwa zamu. Sikuwaambia wangoje. Niliwaambia sina mutu.

Sitakuambia ni kitu kidogo. Bado nikiona mutu anageuka mugongo na kusema "nakuja," namushika shati, hata kama ni Aganze anaenda kisimani.

Lakini miaka sita nilijua jambo moja: kwamba hukurudi. Nililijua sawa ninavyojua jina langu. Sasa nasoma kwamba ulifika kwenye jiwe siku ile ile ya tatu, ukasimama pale, ukaniita. Labda nilikuwa kilima cha pili tu. Nimesoma ule mustari mara nyingi kuliko barua nzima.

Muguu ulipona. Kuko kovu, na siku za mvua linawasha.

Siku zile tatu ulizokaa hapa ulilala ndani ya jipu. Ulisema ni kulinda tairi. Yaya, tairi zile zimepasuka pande zote, hakuna mwizi anazitaka. Wewe hukujua, lakini kila magaribi Mama alikuwa anashusha ile meza, anaifanya kitanda, anatandika shuka, anaweka muto. Asubuhi anatandua, anapandisha meza, tunakunywa chai juu yake na wewe. Siku tatu. Nilidhani anamutandikia Aganze, mupaka ulipoondoka na hakukitandika tena.

Ukija mwezi wa kumi kutukokota, uje na grisi na sabuni ya mutoto. Na ulale ndani.

Dada yako,
Falone